Uliza Kabla Hujalipa: Lugha ya Fundi Umeme kwa Mwenye Nyumba

Katika kata zetu, kuanzia Somanga hadi Pande na kuanzia Songosongo hadi Kipatimu, nyumba nyingi zinaendelea kuingizwa umeme. Ni neema kubwa, lakini imekuja na lugha yake. Fundi hufika nyumbani, hutazama paa na kuta, kisha huandika karatasi: roli mbili za mbili nukta tano, roli moja ya moja nukta tano, boksi la breka la njia nne, meni swichi, fimbo ya athi, na jumla ya fedha chini yake. Mwenye nyumba huisoma, hutikisa kichwa kukubali, na kuanza kutafuta fedha. Hakuelewa kilichoandikwa, lakini aliona haya kuuliza.

Haya hiyo ina gharama. Anayelipia asichokielewa huweza kuuziwa waya mwembamba kwa bei ya waya mnene, kutozwa malipo yasiyokuwapo, au kulala katika nyumba isiyo na kinga dhidi ya umeme unaovuja. Hasara ya fedha hufidiwa kwa msimu mwingine wa ufuta au korosho, lakini nyumba iliyoungua na mtoto aliyepigwa na umeme havina fidia.

Sisi watu wa pwani tunajua namna ya kuzungumza na fundi. Mwenye kuunda jahazi haoni haya kumwuliza fundi wake mkuku umechongwa kwa mti gani, mataruma yamepangwa vipi, na kalafati imeshindiliwa sawasawa au la. Huuliza kwa sababu chombo ni chake, na watakaopanda ni watu wake. Nyumba nayo ni chombo. Somo hili linakusudia kumpa mkazi wa kata maneno ya msingi ya ufundi umeme, kisha maswali ya kuuliza kabla ya kutoa fedha.

Umeme unavyotufikia

Wilaya yetu si ngeni katika habari za nishati. Gesi asilia iligunduliwa katika kisiwa cha Songosongo mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 imekuwa ikisafirishwa kwa bomba kupitia Somanga Fungu hadi Ubungo, Dar es Salaam, ambako huzalisha umeme. Mkazi wa Kilwa ana haki ya kuielewa lugha ya kitu ambacho ardhi na bahari yake vinachangia kukizalisha.

Umeme ukitoka mtamboni husafirishwa kwa nguvu kubwa sana ili usipotee njiani. Nguvu hiyo hupimwa kwa kilovolti, na kilovolti moja ni volti 1,000. Njia kuu za nchi hubeba kilovolti 132, 220 au zaidi. Ukikaribia makazi yetu hupunguzwa hadi kilovolti 33 au 11, na hizo ndizo nyaya tunazoziona zikipita juu ya nguzo ndefu kandokando ya barabara. Kisha huingia katika transfoma, lile pipa la chuma lililofungwa juu ya nguzo, na kutoka ukiwa na volti 400 kwa umeme wa njia tatu au volti 230 kwa umeme wa njia moja.

Hii ndiyo sababu nguzo kupita mbele ya nyumba yako hakumaanishi kwamba unaweza kuunganishwa siku hiyohiyo. Ikiwa waya uliopo ni wa kilovolti 33 au 11 na hakuna transfoma karibu, hakuna fundi awezaye kuushusha umeme huo kwako. Swali la kwanza basi ni hili: "Transfoma iliyo karibu nami iko wapi, na waya unaopita hapa ni wa umeme mdogo au mkubwa?"

Volti, ampia na wati

Maneno haya matatu hutajwa kila siku na huchanganywa kila siku. Tuyalinganishe na maji yatokayo kwenye tangi lililoinuliwa juu. Volti ni msukumo unaoyashinikiza maji katika bomba. Ampia ni wingi wa maji yanayopita kwa wakati mmoja. Wati ni kazi inayofanyika maji hayo yanapofika. Ukizidisha volti kwa ampia unapata wati.

Hesabu hiyo ina faida nyumbani. Soketi zetu za matundu matatu zimetengenezwa kubeba ampia 13. Zidisha 13 kwa volti 230, unapata wati 2,990. Ikiwa birika lako ni la wati 2,000 na pasi yako ni ya wati 1,200, vikichomekwa pamoja katika ekstensheni moja vinadai wati 3,200. Hapo soketi imezidiwa. Plastiki ikianza kunuka au kugeuka rangi, hiyo ni hesabu ambayo haikupigwa.

Msukumo ukipungua, kwa mfano kutoka volti 230 hadi 180, taa hufifia na mota ya friji au friza hulazimika kuvuta ampia nyingi zaidi, hupata joto na hatimaye huungua. Watu husema "umeme ni mdogo." Unapotoa taarifa TANESCO, eleza ni saa ngapi hali hiyo hutokea, na kama majirani wanaotumia transfoma ileile wanaipata pia. Maelezo hayo humsaidia fundi kujua kama kasoro iko kwenye njia au ndani ya nyumba yako.

Uniti na fedha yako

Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Pasi ya wati 1,000 ikiwashwa saa nzima imekula uniti moja. Taa ya kisasa ya wati 9 itawaka zaidi ya saa 100 kabla ya kumaliza uniti hiyo, ilhali taa ya zamani ya wati 60 itaimaliza katika muda usiofika saa 17.

LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, huuza uniti kwa makundi. Kwa bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, ambazo wengi wetu tumezizoea, kundi la D1 ni la matumizi madogo ya nyumbani yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, kwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Kundi la T1 ni la matumizi ya kawaida, pamoja na biashara ndogo, kwa shilingi 292 kwa uniti. Juu yake iliongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, tozo ya asilimia 3 ya Wakala wa Nishati Vijijini na asilimia 1 ya EWURA. Kwa hesabu hiyo, shilingi 10,000 ilimpatia mteja wa T1 uniti 28, na mteja wa D1 alilipa shilingi 9,150 kwa uniti 75. Akizidisha hapo, uniti za ziada hutozwa bei ya juu, na akiendelea kuzidisha anaweza kuhamishwa kundi.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza samaki Kilwa Kivinje, ambaye amenunua friza ya wati 200. Mota yake ikifanya kazi jumla ya saa 12 kwa siku, friza hiyo inakula uniti 2.4 kwa siku, sawa na uniti 72 kwa mwezi. Friza pekee imekaribia kumaliza kiwango cha D1, kabla ya taa, redio na pasi. Mama huyu akijua hesabu hii mapema, ataweka bei ya samaki wake kwa kujua gharama halisi. Asipoijua, atadhani mita yake imeharibika.

Vilevile, tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukusanywa kupitia LUKU. Ukinunua umeme kwa mara ya kwanza katika mwezi na kupata uniti chache kuliko ulivyotarajia, soma risiti mstari kwa mstari kabla ya kulalamika. Makato yote yameandikwa humo.

Njia moja na njia tatu

Umeme wa njia moja huletwa na nyaya mbili: laivu, inayoleta umeme, na nyutro, inayourejesha. Unatosha kwa nyumba ya kuishi, duka na saluni. Umeme wa njia tatu huletwa na laivu tatu pamoja na nyutro, na hufaa kwa mota kubwa kama za mashine za kusaga nafaka, za kutengeneza barafu au za karakana ya kuchomelea.

Gharama zake ni tofauti, na mita zake ni tofauti. Mtu asikushawishi kuomba njia tatu kwa nyumba ya vyumba vitatu "ili umeme uwe na nguvu." Na wewe unayepanga kufungua mashine, usiombe njia moja kwa kukimbia gharama, kisha ukaanza upya baada ya miezi sita. Soma kibati kilichobandikwa kwenye mota ya mashine. Kimeandikwa volti, ampia na idadi ya njia. Kipige picha, umwoneshe mkandarasi kabla hujajaza ombi.

Ndani ya kuta

Mali ya TANESCO huishia kwenye mita. Kuanzia hapo kuingia ndani, nyaya ni zako na wajibu ni wako. Ndiyo maana kazi hiyo hufanywa na fundi au mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, na TANESCO huhitaji uthibitisho wake kabla ya kukuunganisha.

Namba zilizoandikwa kwenye roli za nyaya hueleza unene wa shaba iliyomo, kwa milimita za mraba. Kwa kawaida taa hutumia 1.5, soketi hutumia 2.5, na jiko la umeme huhitaji 4 au 6 kulingana na ukubwa wake. Waya mwembamba ukibebeshwa mzigo mkubwa hupata joto ndani ya ukuta, mahali ambapo hakuna anayeuona.

Breka ni mlinzi wa waya. Mzigo ukizidi au ikitokea shoti, hukata umeme. Lakini mlinzi huyu lazima alingane na anachokilinda. Mtu akiweka breka kubwa kwenye waya mwembamba, waya utaungua kabla breka haijashtuka. Ikiwa breka yako inakata mara kwa mara, usikubali ibadilishwe kwa kubwa zaidi kabla ya kujua inakata kwa nini.

Athi ni waya unaoupeleka ardhini umeme uliovuja, badala ya kuuacha upite katika mwili wa mtu aliyegusa friji au pasi. Rangi yake ni kijani na njano. Laivu ni nyekundu katika nyumba za zamani na kahawia katika mpya. Nyutro ni nyeusi katika za zamani na buluu katika mpya. Waya wa athi hufungwa kwenye fimbo ya chuma iliyopigiliwa ardhini. Hapa kwetu jambo hili linahitaji uangalifu wa pekee. Mchanga mkavu wa pwani haupokei umeme vizuri, hivyo fimbo fupi iliyochomekwa juujuu huwa pambo tu. Fundi mzuri hupima upinzani wa ardhi kwa kifaa chake, na akiona haufai huzamisha fimbo zaidi au huongeza ya pili.

Pamoja na athi kuna kifaa kinachokata umeme mara unapovuja, chenye maandishi RCD na kitufe kidogo cha kujaribia. Kilicho bora kwa usalama wa mtu hukata umeme ukivuja miliampia 30 tu. Bonyeza kitufe hicho kila baada ya miezi michache. Kikishindwa kukata, mwite fundi.

Hewa ya chumvi nayo ni adui. Hula skrubu na viungio vya nyaya, kiungio hulegea, kilicholegea hupata joto, na joto huzaa moto. Walio karibu na bahari waombe viungio vikaguliwe mara kwa mara. Na kwa nyumba za makuti, nyaya zote zipite ndani ya mabomba ya plastiki, wala zisilazwe juu ya makuti.

Kulipia bila kutapeliwa

Ombi la kuunganishiwa umeme hupelekwa TANESCO, ama ofisini au kwa mfumo wa Ni-Konekt kwa njia ya simu. Baada ya ombi, wataalamu hufika kupima umbali, kisha mteja hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tuliyozoea kuiita kontroo namba. Fedha hulipwa kwa namba hiyo, benki au kwa simu. Mtu anayekutaka umpe fedha taslimu mkononi "akusukumie faili" ni kishoka, hata kama amevaa kofia ngumu na ana ngazi begani.

Serikali ilitangaza gharama ya shilingi 27,000 kuwaunganishia umeme wateja wa vijijini. Mijini gharama huwa kubwa zaidi, na hutegemea umbali na idadi ya nguzo. Kwa hiyo uliza: "Eneo langu limehesabiwa kuwa kijiji au mji?" Kumbuka pia kwamba malipo hayo hayahusu kutandaza nyaya ndani ya nyumba; hiyo ni kazi ya mkandarasi wako. Kwa nyumba ndogo ya chumba kimoja au viwili, uliza kuhusu kifaa kiitwacho UMETA, yaani Umeme Tayari, kilichobuniwa ili mwenye nyumba ya namna hiyo apate taa na soketi bila kutandaza nyaya nyumba nzima.

Namna ya kuuliza

Wengi hukaa kimya kwa kuhofia kwamba fundi atajiona anatiliwa shaka. Swali lililoulizwa kwa adabu halimvunjii mtu heshima. Tazama mazungumzo haya ya mfano kati ya mama mwenye nyumba na fundi kijana:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karatasi yako nimeisoma. Hizi roli mbili za mbili nukta tano zinakwenda wapi?"

"Kwenye soketi, mama. Soketi ni kumi."

"Na athi umeiandika wapi? Nimeona fimbo, sijaona waya wake."

"Kweli, mama, haumo. Naongeza sasa hivi."

"Ahsante. Ukimaliza utanipimia ardhi nione namba?"

"Nitakupimia, mama, na nitakuandikia."

Mama huyu hakusomea umeme. Ameuliza maswali matatu, na moja limeokoa nyumba yake. Nawe, kabla ya kulipa, uliza haya saba:

1. Leseni yako ya EWURA iko wapi, na ni ya daraja gani?
2. Kila roli ya waya ni ya unene gani, na inakwenda wapi?
3. Kila breka ni ya ampia ngapi, na inalinda waya gani?
4. Athi itafungwa wapi, na utaipima kwa kifaa gani?
5. Je, kifaa cha kukata umeme unaovuja kimo katika orodha?
6. Nikiongeza friza au jiko la umeme baadaye, nyaya hizi zitahimili?
7. Utaniachia maandishi gani yenye jina lako, sahihi yako na tarehe?

Fundi aliyefuzu, awe amesoma VETA Lindi au chuo kingine, atayajibu kwa dakika chache na kwa furaha. Anayekasirika kwa maswali haya amekujibu tayari, tafuta mwingine.

Pale ambapo swali halitoshi

Yapo mambo ambayo mwananchi hapaswi kuyajaribu kwa mkono wake. Usifungue mita wala kugusa waya unaotoka kwenye nguzo. Wakati wa Kimbunga Hidaya, Mei 2024, mafuriko yaliharibu barabara ukanda wa Somanga, na tulijifunza jinsi upepo na maji vinavyoweza kuleta hatari kwa muda mfupi. Ukiona waya umeanguka, uhesabu kuwa una umeme hata kama nyumba zote ziko gizani. Wazuie watoto na mifugo, kaa mbali, toa taarifa TANESCO na kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Maji yakiingia ndani ya nyumba, zima meni swichi ikiwa tu unaweza kuifikia pakiwa pakavu, na usiuwashe tena kabla fundi hajakagua.

Mtu akipigwa na umeme, usimshike. Zima kwanza. Ikishindikana, msukume kwa ubao au mti mkavu ukiwa umesimama pakavu, kisha mwahishe kituo cha afya hata kama anasema yu mzima, kwa kuwa umeme huweza kuudhuru moyo bila jeraha la nje.

Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Unaweza kuikata orodha hii ya maswali na kuibandika mlangoni au kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji nao ni mahali pa kuuliza: transfoma yetu inahudumia nyumba ngapi, vitongoji gani bado, na wakandarasi wenye leseni wanaofanya kazi katika kata yetu ni akina nani. Majibu ya maswali hayo ni haki ya kila mkazi.